Ng'ombe Walienda Ukweni, Dereva Akabaki kwa Mizani

Kwa miezi mingi nilimjua huyu mtu kwa mgongo tu. Alikuwa anapita hapo kwangu, njia panda ya Musanda, na trekta ya miwa. Mimi nainua kichwa kutoka kwa karai ya kutafutia pancha, na kabla mkono wangu wa salamu ufike juu, yeye ashakuwa mgongo, shati imejaa upepo kama mto wa kulalia, trela inaruka nyuma inamwagia watoto wa shule miwa. Siku tairi yake ilipasuka mbele ya kibanda changu ndiyo nikajua kumbe ako na uso. Tena uso mzuri, wa kucheka.

Tulimwita Dereva. Madereva walikuwa wengi, lakini ukisema Dereva bila kuongeza kitu, watu walijua ni yule. Mimi nilikuwa Fundi. Nilisoma mpaka Form Two, na si yote, ile nusu ya kwanza ambayo ni rahisi. Kwa hivyo mahali nitakosea hapa, ujue ni ile nusu nyingine ilikuwa inafundisha.

Urafiki wetu uliletwa na misumari. Watu wa Musanda walisema ati ni mimi nilikuwa naimwaga barabarani. Nilikataa wakati huo, na nakataa hata leo.

Hiyo ilikuwa wakati miwa ni miwa, bwana! Kiwanda kilikuwa kinanguruma mchana na usiku, harufu ya molasi inaingia mpaka kwa chai. Mzee akilipwa pesa ya miwa, kesho yake unaona mabati mapya inawaka juani mpaka inakuumiza macho. Kuna mmoja aliosha baiskeli yake na soda, ya machungwa, watu wakisimama wanaangalia. Nyuki ilimfukuza wiki nzima. Hata mimi, mtu wa pancha, nilinunua suti. Ya rangi ya maziwa. Mtu anayeshinda ndani ya grisi kununua suti ya rangi ya maziwa! Lakini pesa ilikuwa inatembea, na mimi sikutaka ipite tu hapo bila kunisalimia.

Katika hiyo furaha yote, hakuna mtu alifanya kazi kama Dereva. Alilipwa kwa tripu. Ukipeleka miwa mara moja, unalipwa ya mara moja, ukipeleka mara tano, ya mara tano, na hakuna mtu wa kukwambia nenda nyumbani. Neno lake lilikuwa moja: "Wacha nimalize hii tripu." Ukimwambia chakula, wacha nimalize hii tripu. Ukimwambia kanisa, wacha nimalize hii tripu. Nilikuwanga namuuliza, "Sasa hii tripu inaishanga lini?" Anacheka, anapiga usukani kofi, anaenda.

Alikuwa anakula akiendesha. Bibi yake anamfungia obusuma, ugali wetu, na mboga kwa karatasi ya nailoni, na yeye anakata matonge kwa mkono wa kulia huku kushoto iko kwa usukani, na tonge likianguka kati ya miguu hachukui, anasema litangoja. Kulala, alilala kwa foleni ya mizani. Mtu hajaona foleni hiyo hawezi kuelewa. Trekta inajipanga moja nyuma ya nyingine mpaka huoni mwisho, kila mmoja anangoja miwa yake ipimwe kabla ya kuingia kiwandani. Dereva analaza kichwa kwa usukani, anakoroma. Foleni ikisonga, mguu wake unaachilia klachi, trekta inasonga hatua tatu, anakanyaga breki, na koroma haijakatika hata kidogo. Nimeona na macho yangu. Nilimwambia wewe ukikufa tutakujua aje.

Na usidhani alikuwa mchoyo. Ukimuomba pesa anatoa, hata haulizi ya nini. Amesomesha watoto wa watu. Amenunulia kanisa spika ambayo mpaka leo inapasua masikio ya waumini. Lakini muombe nusu saa! Anakuangalia kama umemuomba figo. Siku moja nilimwambia akae nimalizie chai yangu ndio nishughulikie tairi. Alichukua kikombe changu, akakinywa chote, akaniambia, "Imeisha. Fungua tairi."

Alijenga nyumba, wacha tu. Vyumba vitano, simiti mpaka jikoni, viti vya sofa na vitambaa vya kushonwa na mkono. Hiyo sofa nilikalia mimi zaidi yake. Nikipeleka tairi lililozibwa, bibi yake ananipa chai, nakaa hapo nimekunja nne kama diwani. Mbwa wao akanizoea sana. Sasa siku moja Dereva akarudi mchana, kitu hajawahi, na mbwa akamuuma. Kwa paja! Ndani ya boma yake! Alikuja kwangu anachechemea, nikamuuliza kama amefika hospitali. Akasema, "Wacha nimalize hii tripu."

Tulicheka sana na hiyo maneno ya mbwa. Bibi yake hakucheka.

Na hapa lazima nieleze vizuri. Huyo mama walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, watoto wanne, na Dereva alikuwa hajapeleka ng'ombe hata mmoja kwao, upande wa Butere. Si kwa kukosa. Ng'ombe walikuwako, watano, wamenona, wanakula majani ya miwa hapo nyuma ya nyumba. Kitu kilikosekana ni siku. Kwetu huku mtu haachi ng'ombe ukweni kama mtu anaacha barua. Unaenda, unakaribishwa, unakalishwa na wazee, unakula, unaulizwa maswali, unajibu polepole, jua linatembea huku na wewe umekaa. Siku nzima. Na siku nzima kwa Dereva ilikuwa tripu nne.

Baba ya huyo mama alikuwa amezeeka, macho yanapotea. Alikuwa amemtumia binti yake neno kwamba anataka kumwona mkwe wake akiwa bado anaona. Mama akampa Dereva msimu mmoja tu.

Aliniambia mwenyewe, siku nimekaa kwa ile sofa.

"Fundi, nimemwambia. Hii miwa ikiisha kuvunwa kama hajaketi kwa baba yangu, mimi narudi kwetu na watoto. Yeye abaki na trekta, imzalie."

"Mama, ataenda. Si unamjua."

"Kwa sababu namjua." Akamimina chai. Halafu akainama karibu. "Wewe huwezi kutoboa hiyo tairi vizuri, ikae wiki moja?"

"Mama! Mimi ni fundi wa kuziba."

"Na ile misumari watu wanasema?"

Nilimaliza chai haraka nikaenda.

Lakini alikubali, Dereva! Wakaweka Jumamosi. Bibi yake akatangulia Alhamisi kusaidia kupika, na Dereva mwenyewe akanyoa nywele, nikamwona na macho yangu, kichwa inang'aa. Nilifurahi kama ni mimi naoa. Halafu Ijumaa jioni moto ukashika shamba kubwa la miwa upande wa chini. Miwa ikiungua haiwezi kukaa, sukari inaharibika ndani, lazima ikatwe na ifike kiwandani mbio. Tajiri wa trekta akasema atakayebeba Jumamosi analipwa mara mbili.

Jumamosi asubuhi nilisikia trekta imesimama kwangu. Hakuna tairi imeisha upepo. Dereva yuko juu, injini inanguruma, na kwa trela, badala ya miwa, ng'ombe watano wamefungwa kwa vyuma, wanaangalia dunia na mshangao.

"Fundi, si uko na suti?"

"Niko nayo. Nani amekufa?"

"Vaa. Unapeleka ng'ombe kwa mzee."

"Mimi? Na wewe?"

"Mimi nawafikisha mpaka kwa geti. Halafu wacha nimalize tripu mbili tatu, nakuja saa nane. Wewe ongea ongea nao. Si unajua kuongea?"

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoingia. Mtu akiniambia najua kuongea, sifikirii tena. Nilivaa suti ya rangi ya maziwa, nikapanda trela, nikasimama katikati ya ng'ombe tano mpaka Butere. Watu walitupungia mikono njia yote. Kuna mama alipiga vigelegele. Mpaka tufike, suti ilikuwa na maziwa na vitu vingine vya ng'ombe.

Kwa geti tukashusha hao wanyama, injini ikinguruma. Mzee alikuwa ndani anatafuta fimbo yake atoke kumpokea mkwe. Kabla aipate, trekta ilikuwa imegeuka. Bibi yake Dereva alitoka jikoni anakimbia, mikono imejaa unga, kitambaa kipya kwa kichwa. Akafika kwa geti akaona mgongo wa trela ukiingia kona. Alisimama hapo. Akaniangalia mimi, akaangalia ng'ombe, akarudi jikoni. 

Niliingizwa ndani. Wazee sita wamekaa na makoti. Kiti kimoja kilikuwa wazi, kimewekwa kitambaa kipya, na mimi nikakikalia, kwa sababu ndicho kilikuwa wazi na kwa sababu sikusoma ile nusu nyingine.

"Mulembe, mwanangu," mzee akasema, macho yake yanatafuta uso wangu. "Mkwe wetu ni wewe?"

"Hapana, papa. Mimi ni rafiki. Mwenyewe anakuja, anamalizia tripu."

"Anamalizia nini?"

"Tripu."

Wazee waliangaliana. Mmoja akauliza mwenzake kama hiyo ni ugonjwa.

Niliongea. Oo, niliongea! Niliongea juu ya bei ya tairi, juu ya barabara, juu ya yule mtu wa soda na nyuki. Saa nane ikafika, ikapita. Saa tisa chakula kikaletwa, ingokho, kuku mzima, kwa sahani mbele yangu, inatoa moshi, na juu kabisa, peke yake kama mfalme, imondo. Kwa watu wa mbali, hiyo ni firigisi. Kwetu firigisi ya kuku hailiwi ovyo. Siku kama hiyo ni ya mkwe, na mkwe akila, amekubaliwa.

Nilijua. Nisidanganye, nilijua vizuri. Lakini nilikuwa sijakula tangu jana, na mkono wangu haukuniuliza. Nilishtukia natafuna.

Wazee wote waligeuza vichwa. Hata nzi nadhani walisimama.

"Kijana," mzee akasema polepole, "nasikia unatafuna kitu kigumu."

"Ni kuku, papa."

"Ya kuku, nini?"

"Ya kuku... ni imondo."

"Na imondo ni ya nani?"

"Ni ya mkwe, papa."

"Basi karibu sana, mkwe wetu."

Wanawake kule jikoni walipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alinipa mkono, akaniuliza nitachukua bibi leo ama kesho. Nilitamani suti inimeze. Lakini mzee mwenyewe hakucheka. Alingoja wengine wanyamaze, halafu akasema maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo.

"Ng'ombe sikuhitaji. Niko nazo. Nilitaka huyu mtu aketi mbele yangu, nisikie vile anaketi. Mtu anaweza kudanganya na mdomo, lakini akikaa siku nzima utamjua. Hizo ng'ombe zibaki nje ya geti, zimefungwa. Hazitaingia boma yangu mpaka aliyezilipia aje azifungue mwenyewe. Na binti yangu anabaki hapa."

Niliomba baiskeli nikaondoka. Nikiwa kwa geti, bibi yake Dereva akanifuata. Nilidhani atanitukana kwa sababu ya imondo. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Alipokufikisha hapa, alizima injini?"

"Hakuzima, mama."

Akaitikia na kichwa, kama mtu amepata jibu la hesabu alikuwa analijua.

Nilipiga pedali mpaka kwa mizani, kaptula... samahani, suruali ya suti imeingia kwa cheni, imeraruka mpaka goti. Foleni ilikuwa ndefu, miwa nyeusi ya moto, madereva weusi kama makaa. Dereva alikuwa amebakisha trekta tatu mbele yake. Nikapiga kelele kutoka chini nikamwambia yote. Ilikuwa makosa, kwa sababu foleni nzima ilisikia.

"Fundi amekula imondo!" mmoja akapiga kelele nyuma.

"Fundi ameoa!"

"Dereva, shuka umpe shemeji trekta, apeleke harusi!"

Dereva mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe Fundi! Nimekutuma uongee, wewe unaoa!" Halafu kicheko kikapungua. Akajipangusa uso, majivu ikaenea. "Na yeye? Alisema nini?"

"Hakusema. Aliniuliza tu kama ulizima injini."

Foleni ikasonga. Trekta za mbele zikaenda, yeye akabaki. Nyuma wakaanza kupiga honi. "Songa, wewe!" Karani wa mizani akatoa kichwa dirishani. Dereva alikuwa anaangalia mikono yake kwa usukani, kama anaona mara ya kwanza ni za nani. Halafu akanyoosha mkono, akazima injini. Hapo hapo. Katikati ya foleni ya miwa iliyoungua, siku ya malipo mara mbili, na mizani iko wazi mbele yake!

Kelele ilitoka hapo sijawahi kusikia. Walimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiluhya, mmoja kwa Kizungu. Yeye alishuka, akarusha ufunguo kwa dereva wa nyuma, akanishika bega. "Leta baiskeli."

"Ngoja nipumue."

"Kaa nyuma basi upumue huko."

Tukaenda Butere, yeye anapiga pedali, mimi nimekaa kwa keria na suti yangu ya maziwa, yeye mweusi majivu tupu, watu wanacheka barabara yote, na mimi pia nacheka, kwa sababu nilikuwa na furaha mpaka sijui nitaipeleka wapi.

Mzee hakumpokea siku hiyo. Jua lilikuwa limeshuka, akasema siku imeisha, alale kwa jirani arudi asubuhi. Kesho yake Dereva alifungua ng'ombe mmoja mmoja akaingiza boma, na akakalishwa. Kuanzia umande ukiwa kwa majani mpaka kuku wanaingia kulala. Hakuna mtu alimuuliza kitu kabla ya adhuhuri! Wazee walikaa tu. Nilikuwa pale, safari hii kwa mkeka, mbali na sahani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unakanyaga klachi chini ya kiti, kanyaga achilia, kanyaga achilia. Jasho linatoka kama anabeba magunia. Saa nane hivi mguu ukatulia. Saa kumi wakaanza kuongea na mzee juu ya ng'ombe fulani alikuwa anapiga watu teke zamani, na wakacheka mpaka mzee akakohoa. Jioni bibi yake alikuja kutoa vyombo, na akipita nyuma ya kiti, akampangusia majivu yaliyobaki kwa shingo na ncha ya leso. Kitu kidogo hivyo. Mimi nikaangalia kando.

Usidhani alibadilika akawa malaika. Tajiri alimnyang'anya trekta mwezi mzima kwa kuzuia foleni, na huo mwezi alikuwa anakuja kwa kibanda changu kila asubuhi kunishauri vile ya kuziba pancha, mpaka nikaomba Mungu arudishiwe kazi. Aliporudishiwa, aliendesha kama zamani. Lakini Jumapili trekta ililala, hata tajiri alie. Na alijifunza kula akiwa ameketi, ingawa alikuwa anakula haraka vile vile, kama chakula kitapimwa.

Siku hizi miwa si ile. Mashamba mengine wamepanda mahindi, na mimi nilihamia Kakamega mjini, nina kijibanda cha baiskeli na pikipiki. Juzi nikasikia Dereva na bibi yake wamekuja kwa binti yao hapo mjini, mtaa wa Shieywe. Nikafunga kazi mapema nikaenda.

Niliwakuta nje kwa kivuli cha nyumba, wamekaa kwa viti vya plastiki, ungo wa njugu katikati, wanamenya. Amezeeka, nywele nyeupe, mikono bado mikubwa. Bibi yake akaanza hapo hapo:

"Fundi, mwondoe huyu mtu hapa! Tangu aache kazi ananifuata jikoni. Jana amepanga sufuria zangu kwa ukubwa. Nani alimwomba?"

"Zilikuwa zimekaa vibaya," Dereva akasema.

"Zimekaa hivyo miaka yote. Ungejua kama ungekuwa nyumbani."

Tulicheka wote watatu. Simu yake ikalia kwa mfuko. Akaitoa, akaishika mbali kama vile wazee tunashika, akapiga kelele ndani yake. Nilisikia yote, kwa sababu huyo mtu wa upande ule pia alikuwa anapiga kelele. Ni mwenye trekta huko Musanda. Miwa imekatwa, dereva wake ameanguka mgonjwa, anataka mtu anayejua kazi, leo hii, na analipa vizuri.

Nilimwona Dereva akinyooka kwa kiti. Macho iliwaka, nakuapia, akarudi umri wa zamani hapo hapo. Bibi yake hakuinua kichwa.

"Si uende," akamwambia. "Utanipumzisha."

Dereva akamwangalia. Akaangalia ungo, njugu ambazo hazijamenywa zilikuwa bado nyingi. Halafu akarudi kwa simu.

"Nitakuja Jumatatu," akasema. "Hapana, si kesho. Leo na kesho niko na mtu."

Akaweka simu mfukoni, akachukua njugu. Bibi yake akajifanya hajasikia. Lakini mimi nilikuwa namwona. Alimenya moja, akaishika hapo kwa vidole muda mrefu, na badala ya kuitupa kwa ungo, akaikula.